Umewahi Kuambiwa na Daktari?

Swali lenyewe ni fupi: "Je, umewahi kuambiwa na daktari au mhudumu mwingine wa afya kwamba una saratani?" Kwenye dodoso hukaa katikati ya magonjwa mengine, baada ya shinikizo la damu na kisukari, na majibu yake ni ndiyo, hapana na sijui. Katika miaka niliyofanya kazi ya udadisi mkoani Katavi, kwanza na madodoso ya karatasi yaliyolowa kila masika, baadaye na kishikwambi, nimelisoma swali hilo mbele ya watu wengi, na karibu wote walijibu hapana kabla sijalimaliza. Nilibonyeza hapana, kishikwambi kikaruka maswali yote yaliyofuatia, tukahamia kwenye pumu.

Mimi si mtafiti. Mdadisi ni mtu wa mwisho kwenye msururu mrefu unaoanzia ofisi zenye viyoyozi na kuishia kwenye mkeka chini ya mwembe, na kazi yake ni kusoma swali kama lilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya mkekani. Inawezekana wanaoyajua majedwali watayaona ya kitoto. Lakini nimekaa na swali hili muda mrefu sasa, na kadiri ninavyokaa nalo ndivyo ninavyopungukiwa hakika ya kile linachouliza.

Saratani haina haraka. Kati ya kinachoianzisha na siku inapoonekana hupita miaka mingi. Mtu akitaka kujua kama moshi wa mabani ya tumbaku unawadhuru wakulima wetu, au sumukuvu kwenye karanga na mahindi inaliachia nini ini la mlaji, hana njia ya mkato. Sharti aandikishe watu wakiwa wazima, aandike wanachokula, wanachovuta na wanachofanyia kazi, kisha arudi kwao mwaka baada ya mwaka kuona nani ameugua na nani hakuugua. Na namna nyepesi ya kujua nani ameugua ni kumuuliza.

Ukanda wetu umewahi kupita njia ngumu zaidi. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka hospitali za Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara, wakiuliza kila walikofika kama watoto wa namna ile wamewahi kuonekana hapo. Miaka kumi na kitu baadaye, kuanzia 1972, watafiti walikwenda West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, wakachukua damu ya watoto wapatao 42,000, wakaihifadhi, wakakaa kusubiri. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1978, watoto waliokuwa wamepata uvimbe ule, na ambao damu yao ya tangu wazima ilikuwepo, walikuwa 14. Watoto 42,000 kwa ajili ya 14. Kila ninapoisoma hesabu hiyo natamani kujua waliochukua damu ile walikuwa na moyo wa namna gani.

Lakini kuna kitu kingine kwenye habari hiyo kinachonigusa zaidi. Uvimbe ule ulikuwa usoni. Meno yalilegea, taya likafura, jicho likasukumwa nje. Mama wa mtoto hakuhitaji daktari amwambie kwamba mwanawe anaumwa, wala mtafiti hakuhitaji kumuuliza mama kama ameambiwa. Ugonjwa ulikuwa umejitaja wenyewe. Saratani ninazoziulizia mimi nyingi hazijitaji hivyo. Zipo kwenye shingo ya kizazi, kwenye tezi dume, kooni, kwenye ini, kwenye puru. Kuna zile za mahali ambapo mtu hapataji mbele ya mkwewe, na kuna zile za ndani kiasi kwamba mwenyewe hawezi kuzijua mpaka mtu mwenye kipimo amwambie. Basi swali letu limewekwa juu ya neno la mtu mwingine. Halimuulizi mgonjwa anaumwa nini. Linamuuliza kama kuna aliyemwambia.

Huku kwetu watu wamezoea kuulizwa. Mpimbwe, upande wa pili wa Hifadhi ya Katavi, mwanaanthropolojia Monique Borgerhoff Mulder alianza kufuatilia ndoa na vizazi mwaka 1995 na akaendelea kurudi kwa miaka mingi. Makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyofunguliwa kwa ajili ya waliokimbia Burundi mwaka 1972, yamehesabiwa na kuandikishwa tangu watu walipofika. Na kaya iliyokwisha kutembelewa mara kadhaa huwa imejifunza mambo ambayo mwongozo wa mdadisi hauyataji. Imejifunza, kwa mfano, kwamba ndiyo huzaa maswali na hapana huyaua. Ukisema ndiyo utaulizwa mwaka gani, hospitali gani, ulipewa dawa gani, unaendelea nazo au umeacha, nani alilipa. Ukisema hapana mgeni anageuza ukurasa. Mzee mmoja wa Kisukuma, aliyehamia na ng'ombe zake kutoka Shinyanga, aliwahi kumwonya jirani yake mbele yangu, akicheka: ukimkubalia huyu kitu kimoja, hatoki hapa mpaka ng'ombe warudi. Tulicheka wote. Kisha jirani akajibu hapana kuanzia shinikizo la damu hadi mwisho, na mimi nikayaandika yote kama yalivyokuja, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, na kwa sababu jua lilikuwa limeanza kushuka nami nilikuwa bado na safari ya bodaboda kukatiza hifadhi, ambako mbung'o hawajali kama umevaa koti.

Mwanzoni niliamini tatizo lote ni hilo: watu huficha, au huchoka. Nilidhani ukweli upo kifuani mwa mtu, kamili, na kazi iliyobaki ni kuutoa kwa upole. Aliyeanza kuitikisa imani hiyo ni mama yangu mdogo, na hakukusudia kunifundisha chochote.

Alikuwa ameshakoma hedhi miaka kadhaa, damu ikarudi. Zahanati ikampa rufaa, huko alikopelekwa wakamkata kinyama, kinyama kikasafiri kwenda kupimwa mbali, na majibu yaliporudi alikabidhiwa mjomba, kaka yao mkubwa, nje ya mlango, mwenyewe akiwa amekaa kwenye benchi ndani. Hospitali hiyo siitaji, na sidhani kama ilifanya kitu cha ajabu kwa desturi za siku zile, au hata za siku hizi. Mwanamume wa ukoo yupo, mgonjwa amechoka, nani ataambiwa? Mjomba akaita kikao kidogo jioni ile. Tukaelewana kwamba ni uvimbe. Uvimbe wa kizazi, unahitaji mionzi, inapatikana Dar es Salaam. Hakuna aliyepinga. Nilikuwepo, nami nilikubali, na mpaka leo siwezi kusema kwa uhakika kwamba tulikosea. Alisafiri kwa treni, kutoka Mpanda hadi Kaliua, Tabora, hadi pwani, akakaa huko majuma mengi, akarudi amekonda lakini amesimama.

Miaka ikapita. Siku moja nikiwa kwake kwa matembezi, wakaja wadadisi wa utafiti mmoja uliokuwa ukirudi kwenye kaya zilezile. Si kundi langu, na hata kama lingekuwa langu nisingeruhusiwa kumhoji ndugu. Nikajisogeza uani ili wawe faragha, ila kuta za matofali mabichi hazizuii sauti. Nikalisikia swali langu likisomwa kwa sauti ya binti mwingine, vizuri kabisa, kama lilivyoandikwa. Na nikamsikia mama mdogo akijibu hapana.

Jioni alikuwa akichambua mchicha, nikamuuliza, kwa kuzunguka kwanza, mbona alimjibu yule binti vile. Hakushtuka.

"Aliniuliza kama daktari aliniambia," akasema. "Daktari aliongea na mjomba wako."

Akaendelea kuvunja mabua. Nikadhani amemaliza. Kisha, kwa sauti ileile ya kuongelea mboga: "Na nyie wenyewe mlisema ni uvimbe. Mimi ni nani niwabishie?"

Inafaa nieleze kwamba mama mdogo anasoma. Kwa miaka mingi ametunza hesabu za kikundi cha akina mama parokiani, na mwandiko wake ni bora kuliko wa mjomba. Jengo alilopigwa mionzi, lile ambalo Wajerumani walilijenga kuwa hospitali na kulifungua mwaka 1897, tangu 1996 ni Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa sheria ya Bunge. Jina hilo halijafichwa. Lipo kwenye bango, lipo kwenye karatasi. Alipita hapo kila siku ya matibabu, akakaa foleni na wanawake waliokuja na shida kama yake, wakapeana habari za watoto na za mionzi. Alijua. Pengine alijua kabla ya mjomba. Na pengine, sisi tukiwa tunamkinga yeye na habari ile, yeye alikuwa akitukinga sisi na aibu ya kugundua kwamba ameijua.

Lakini sitaki kukimbilia huko, kwa sababu kuna upande mwingine wa jibu lake ambao ni mkavu na wa kisheria. Ameulizwa kama daktari amemwambia. Daktari hakumwambia. Alichojibu ni kweli. Kwa mujibu wa swali lilivyoandikwa, hapana yake ni sahihi kuliko ndiyo ambayo mimi ningemwandikia. Na kwa mujibu wa utafiti, hapana hiyohiyo ni kosa, maana kwenye jedwali ataingia upande wa wasiowahi kuugua, pamoja na jirani zake wazima, na chochote kilichomletea ugonjwa ule kitaonekana hakina madhara.

Haikuishia hapo. Awamu nyingine ya utafiti uleule ilipokuja, mjomba akiwa ameshafariki, mama mdogo akajibu ndiyo. Alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa, kama mtu anayetoa taarifa ya kikao. Walipomuuliza mwaka, alitaja mwaka ambao sikuutegemea: si wa kinyama, wala wa mionzi, ni wa karibuni zaidi. Sikumuuliza kwa nini. Labda mwaka huo kuna daktari aliyemwita akamkalisha akamwambia. Labda ni mwaka alioamua yeye. Ninachokijua ni jinsi jedwali litakavyolisoma: mwanamke aliyekuwa mzima awamu iliyopita, awamu hii ana saratani. Mgonjwa mpya. Mtu makini, mahali fulani, ataitazama miaka iliyopo katikati ya awamu hizo mbili na kutafuta ndani yake kilichomletea mama yangu mdogo ugonjwa, wakati uvimbe wenyewe ulishachomwa zamani. Hili ndilo linalofanya tafiti za muda mrefu ziwe dhaifu mahali zinapoonekana imara. Kurudi mara kwa mara kunaleta majibu mengi, na majibu mengi yanaonekana kama mwendo wa ugonjwa, hata pale ambapo kilichosogea ni uhusiano wa watu ndani ya nyumba.

Nilipoanza kusoma yaliyoandikwa kuhusu jambo hili kwingine duniani, nilitegemea kujisikia vibaya kwa ajili yetu. Nilisoma habari za utafiti wa wauguzi wa Marekani ulioanza mwaka 1976 na wauguzi 121,700, wakijibu madodoso kwa posta miaka nenda rudi. Waliposema wana saratani ya matiti, watafiti waliomba ruhusa ya kuona majibu ya maabara, na karibu zote zilithibitishwa. Sawa, nikajisemea, hao ni wauguzi. Kisha nikafika kwenye ulinganisho uliochapishwa mwaka 1998, wa watu wa kawaida waliokuwa wakifuatiliwa na Chama cha Saratani cha Marekani, majibu yao yakiwekwa kando ya daftari za saratani za majimbo. Kati ya kila wagonjwa 100 wa saratani ya matiti waliokuwa kwenye daftari, 91 waliitaja vizuri. Kwa melanoma ya ngozi, 53. Kwa saratani ya puru, 16.

Kumi na sita. Hao ni watu wenye daftari za majimbo, wenye madaktari wanaowaambia ana kwa ana, wenye barua zinazofika mlangoni. Wengi wao hawakuificha saratani yenyewe; walisema ni ya utumbo mpana, mahali pa jirani, pa juu kidogo. Naweza kukisia sababu ni kwamba daktari mwenyewe husema utumbo, naweza pia kukisia aibu, na nadhani vyote vimo. Nilijisikia vizuri kwa namna ya ajabu. Puru ni puru kila mahali.

Tofauti yetu nao, naona, ni kwamba wao wana kitu cha kulinganisha nacho. Kwetu daftari za saratani zimekaa hasa kwenye hospitali kubwa, Dar es Salaam, Mwanza, Kilimanjaro, na mtu wa Karema au Mwese huingia humo akifika huko, akiwa na nauli na mtu wa kumsindikiza. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yanaitaja Tanzania kuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 kwa mwaka, karibu 10,000 kati yao wakiwa wa shingo ya kizazi. Ni makadirio. Nikijiuliza ni wangapi wa Katavi wamo ndani yake kwa majina, na wangapi wamejazwa kwa hesabu, naona giza.

Hata karatasi yenyewe, pale inapopatikana, haina uhakika ninaoutamani. Mpimbwe kwa mzee mmoja, mwanawe aliniletea daftari la zahanati, lile la shule la kurasa chache ambalo mgonjwa hununua mwenyewe, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki wa zamani, wa kabla mifuko hiyo haijapigwa marufuku mwaka 2019. Kona moja ilikuwa imeliwa na mchwa. Alitaka nione kwamba baba yake ameambiwa, ni saratani ya koo. Nikasoma. Tabibu alikuwa ameandika alama ya kuuliza, kisha herufi mbili, Ca, kifupi cha saratani, kisha neno nisilolielewa, kisha rufaa ya Mbeya. Alama ya kuuliza ilikuwa ndogo, imebanwa pembezoni. Ina maana tabibu alishuku, akataka wenye kipimo cha kuingiza mpira kooni waangalie. Mzee hakwenda Mbeya. Shamba lilikuwa na mpunga, na kisha fedha haikuwepo, na kisha alianza kumeza uji vizuri kidogo. Njiani kutoka kwa tabibu hadi kwa mwana, alama ile ya kuuliza ilikuwa imedondoka.

Niandike nini? Sijui ndilo jibu la kweli, lakini sijui ni ya mhojiwa, na mhojiwa alikuwa anajua. Nilibonyeza ndiyo. Sina hakika hadi leo.

Na zipo ndiyo za namna nyingine. Mama mmoja wa Mishamo aliniambia kwa furaha kwamba alikuwa na kansa wakaichoma ikaisha, siku hiyohiyo, akarudi nyumbani kwa miguu. Nilivyomwelewa, alikuwa amefanyiwa kile kipimo cha siki: mhudumu hupaka siki nyepesi kwenye shingo ya kizazi, na sehemu ikigeuka nyeupe huweza kugandishwa au kuchomwa palepale ili isije ikawa ugonjwa. Kinachotibiwa hapo ni mabadiliko ya awali, na mengi ya hayo yasingefika kuwa saratani kamwe. Lakini alihudhuria siku ya kupima saratani, akaambiwa kuna kitu, kikachomwa. Nani angemlaumu kwa kusema alikuwa na saratani? Mwongozo unakataza kubishana na mhojiwa. Nikaandika ndiyo yake.

Sasa ziweke ndiyo ya mama wa Mishamo na hapana ya mama mdogo kwenye jedwali moja. Wanawake wawili, saratani moja. Jumla iko sawa kabisa, na wote wawili wapo mahali pasipo pao. Hili lilinichukua muda kulielewa na bado linanisumbua, kwamba asilimia inaweza kuwa ya kweli wakati hakuna mtu hata mmoja ndani yake aliyeandikwa kweli. Kwa anayetaka tu kujua wagonjwa ni wangapi, pengine si hasara. Kwa anayetaka kujua nani anaugua na kwa nini, ni hasara tupu. Tangu 2018 mabinti wa nchi hii wanachanjwa dhidi ya virusi vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi, na siku moja, nikiwa sipo, mtu atataka kujua kama waliochanjwa Katavi wameugua pungufu ya mama zao. Naomba asije akategemea swali langu peke yake.

Nakumbuka pia mwaka 2011, maelfu walipomiminika Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Wengi walitangaza kwamba saratani zao zimepona. Tulibishana sana nchi nzima kama dawa ile inaponya. Sikumbuki tukibishana wangapi kati yao walikuwa wamewahi kukatwa kinyama.

Rafiki yangu mmoja ni tabibu hapa Mpanda, na maongezi yetu kuhusu haya huwa hayaishi. Yeye anaona dawa ni moja: utafiti uunganishwe na kumbukumbu za hospitali, mhojiwa aombwe idhini, mafaili yaangaliwe, mambo ya mkekani yaishe. Ananikumbusha utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2016 na 2017, ambapo miongoni mwa waliosema hawajui hali zao walikuwamo ambao damu ilikutwa na dawa za kufubaza virusi. Damu, anasema, haina mjomba. Ana haki. Wasiokuwa na damu ya kusema ndio wanaonitia shaka, wale ambao saratani yao imeshakatwa na kuchomwa, na alama yake imebaki kwenye faili lililo umbali wa zaidi ya kilomita 1,000.

Nami humuuliza: hiyo fomu ya idhini utamwandikiaje mama mdogo? Ukiandika kwamba unaomba kuona kumbukumbu zake za saratani, umeshamwambia. Umefanya kazi ambayo daktari hakuifanya na mjomba aliikataza, tena kwa karatasi, na sahihi yake chini. Ukiandika kwamba unaomba kuona kumbukumbu zake za afya kwa jumla, umemfichia kama sisi tulivyomfichia. Tabibu hujibu kwamba mgonjwa ana haki ya kujua, hilo si la mjadala. Nakubali. Ila sijui kama haki hiyo inatakiwa itekelezwe na mtu anayepita na kishikwambi, mwenye kaya nyingine za kufikia kabla ya magharibi.

Kuna pendekezo dogo nililolipeleka kwenye mafunzo ya mwisho niliyohudhuria. Kabla ya swali la saratani, tuulize mambo yaliyoupata mwili wenyewe: umewahi kupewa rufaa nje ya mkoa? Umewahi kukatwa kinyama kikapelekwa kupimwa? Umewahi kupigwa mionzi, au kutundikiwa dripu za dawa zilizonyonyoa nywele? Mambo haya mtu huyakumbuka bila kuambiwa na yeyote, na mama mdogo angejibu ndiyo kwa mionzi bila kumvunjia heshima mtu. Mkufunzi alisikiliza vizuri. Akasema kinyama hukatwa kwa vitu vingi visivyo saratani, kwa hiyo tutapata ndiyo nyingi za bure, jambo ambalo ni kweli. Kisha akauliza maswali hayo yataongeza dakika ngapi kwa kila kaya, akaanza kuzidisha ubaoni, kaya kwa dakika, dakika kwa posho. Tarakimu zilipofika mwisho wa ubao aligeuka akaniuliza ni swali gani, kati ya yale yaliyopo, lingetolewa ili haya yaingie.

Nililipitia dodoso lote usiku ule. Nimelipitia tena mara kadhaa baada ya hapo. Sijapata la kutoa.